"Mi sveglio alle undici": kueleza siku yako kwa Kiitaliano bila kuchekwa

"Nasafisha vyumba kwenye hoteli moja huku Watamu. Kiitaliano nimekiokota kwa wageni tu, darasani sijawahi kukaa, na kazini naelewana nao vizuri kabisa. Mwaka huu nataka kufanya mtihani wa A2, ile ngazi ya pili ya kujua lugha, nikachukua mwalimu wa mtandaoni anisaidie. Siku ya kwanza akaniambia nimweleze siku yangu inavyokwenda, nikamwambia 'Io svegliare alle undici, mi prego, mi sveglio bambini, mi mangio, mi vado lavoro'. Akacheka, akaniuliza mbona naamka karibu na mchana na hotelini hawanifukuzi. Niliona aibu sana. Mwenzangu kazini anasema vitendo vya nyumbani vyote vinawekwa mi mbele, vya kazini haviwekwi. Mwingine anasema niache kusumbuka, nikariri tu aya moja ya 'la mia giornata', siku yangu, nitapita. Nani mkweli hapo? Na kwanini wageni wananielewa siku zote lakini mwalimu hanielewi?"

Dadangu, aibu weka pembeni kwanza. Sentensi uliyomwambia mwalimu wako ina makosa ndio, lakini ukiyaangalia moja moja karibu yote yana sababu, na sababu yenyewe ni Kiswahili kinachofanya kazi chini chini bila wewe kujua. Hilo sio baya. Nitakuonyesha mbele kwamba hicho hicho Kiswahili kinaweza kukusaidia kuliko Kiingereza, maana wengi wetu tukijifunza Kiitaliano tunapitia Kiingereza kwanza, sijui ni kwa ajili ya zile programu za simu, na tunazunguka njia ndefu bure.

Naanza na swali lako la mwisho. Wageni wanakuelewa kwa sababu mnaongea mkiwa mmesimama chumbani, taulo iko mkononi, kitanda kinaonekana, na mgeni mwenyewe anataka kukuelewa ili aende zake baharini. Ukimwambia "io pulire dopo" ameshamaliza, amejua utakuja kusafisha baadaye. Alafu kuna jingine watu hawalisemi, Waitaliano wenyewe wakiongea na mtu wanayemwona mgeni wa lugha yao mara nyingi wanaivunja lugha makusudi, wanakuambia "tu venire domani?", kitenzi kikavu hivyo hivyo bila kukigeuza, wakidhani wanakurahisishia. Kwahiyo ulichookota kwao si Kiitaliano wanachoongea nyumbani kwao, ni kile wanachokuongelesha wewe. Huko Eritrea na Ethiopia enzi za Waitaliano ilikuwa vilevile, kulizuka Kiitaliano cha kazini ambacho kitenzi kinakaa umbo moja kwa watu wote. Kinatosha kwa kazi ndio. Lakini siku yako mwalimu haioni. Hayupo nyumbani kwako alfajiri, hana taulo la kuangalia, ana maneno yako tu, na kwenye maneno hayo nani anaamka na saa ngapi ndo habari yenyewe.

Sasa hiyo saa. Ulitaka kusema saa kumi na moja alfajiri ukasema alle undici, na kweli undici ni kumi na moja, umetafsiri sawasawa kabisa ila saa umeiacha ya kwetu. Sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza, wao wanahesabu kuanzia usiku wa manane, tofauti ni masaa sita siku zote. Saa kumi na moja alfajiri ni le cinque, saa moja asubuhi ni le sette, saa tisa alasiri ni le tre del pomeriggio, saa mbili usiku ni le otto di sera. Kwa Kiingereza pengine hukosei tena kwa sababu ulizoeshwa shuleni tangu mdogo, lakini Kiitaliano hukuzoeshwa na mtu, na ukiwa na wasiwasi namba hutoka na lugha ya nyumbani.

Watu hufundishwa wajumlishe sita au watoe sita. Mimi siipendi njia hiyo, huwezi kufanya hesabu na huku unageuza kitenzi na huku mtu anakukodolea macho. Afadhali hivi: acha kutafsiri saa, soma simu. Kila unapoangalia saa kwenye simu mchana kutwa, namba unayoiona itaje kwa Kiitaliano kimoyomoyo kabla hujaiwaza kwa Kiswahili. Simu imeandika 5:00, wewe sema le cinque. Imeandika 6:30, le sei e mezza. Baada ya muda ile namba ya kioo inashikana na neno la Kiitaliano moja kwa moja, ile "saa kumi na moja" haipati nafasi ya kuingia katikati.

Na hapo kuna mambo madogo yanayokamata watu. Saa saba mchana ni l'una, ni moja tu kwahiyo inabaki umoja, è l'una, na "saa saba" ya kufanya jambo ni all'una. Nyingine zote ni wingi, sono le due, alle due. Saa sita mchana ni a mezzogiorno na saa sita usiku a mezzanotte, hizo mbili hazichukui ile alle. Nusu na robo ni kama zetu, na nusu ni e mezza, na robo ni e un quarto, kasorobo ni meno un quarto, mpangilio ule ule. Ratiba za treni, za mabasi na za kazi zinaandikwa kwa masaa ishirini na nne, kwahiyo ukisikia le diciotto usishtuke, ni saa kumi na mbili jioni.

Twende kwenye mi, hapa ndo penye utamu. Mwenzako wa kazini amekosea, mi haijui nyumbani wala kazini. Kuna mantiki nyingine kabisa na kwa mtu wa Kiswahili ni rahisi, sijui kwanini vitabu haviitumii, labda kwa sababu haviandikwi kwa ajili yetu. Angalia jozi hizi tulizonazo: amka na amsha. Inuka na inua. Vaa na visha. Oga na ogesha. Choka na chosha. Kasirika na kasirisha. La kwanza linakupata wewe mwenyewe, la pili unamfanyia mwingine. Mwitaliano naye ana jozi hizo hizo ila anazijenga kinyume na sisi. Kwake neno la msingi, lisilo na kitu, ndo lile la kumfanyia mwingine: svegliare ni kuamsha, alzare ni kuinua, vestire ni kuvisha, lavare ni kuosha, stancare ni kuchosha. Kukasirisha tu ndo kumejitenga, wanasema fare arrabbiare. Akitaka kusema lile linalompata mwenyewe anaongeza kile kidude, kwenye kamusi ni si mkiani, ukijisema wewe ni mi mbele: svegliarsi kuamka, alzarsi kuinuka kitandani, vestirsi kuvaa, lavarsi kuoga au kunawa, stancarsi kuchoka, arrabbiarsi kukasirika.

Kwahiyo swali la kujiuliza ni moja tu, hapa nimeamka au nimeamsha? Mi sveglio, naamka. Sveglio i bambini, nawaamsha watoto. Wewe ulisema "mi sveglio bambini" na hapo mwalimu hajui nani kaamka na nani kaamshwa. Mi vesto, navaa. Vesto il piccolo, namvisha mdogo. Lavo i piatti, naosha vyombo, mi haingii kabisa maana sahani sio wewe.

Njia hii ina mipaka yake na lazima nikwambie. Inafanya kazi vizuri kwa mwili na hali ya moyo, lakini ukiipeleka kwenye kwenda na kurudi inakataa. Toka na toa ni jozi kwetu, ila uscire, kutoka, haichukui kitu: esco. Andare, vado. Tornare, torno. Kula, kunywa, kufanya kazi, kusali, kupika, kusoma, vyote vinakwenda bila mi: mangio, bevo, lavoro, prego, cucino, leggo. Ukisema mi prego ni kama umejiomba mwenyewe. Mi vado haipo. Na kulala ndo kuna mtego, dormire ni kulala usingizi, haina mi, dormo sei ore. Kushikwa na usingizi ni addormentarsi, mi addormento. Kwenda kulala ni vado a letto. Usiyachanganye hayo matatu, kwa Kiswahili yote tunasema nalala na mambo yanaisha.

Halafu utasikia mgeni anasema "mi mangio una pizza" au "mi faccio un caffè" ukadhani nimekudanganya. Hujadanganywa, ndo wanavyoongea, pale wanatia ile ladha ya kujifurahisha, najilia pizza yangu mie. Lakini lazima kitu kitajwe, pizza, kahawa, gelato, na ni mazungumzo ya starehe, kwenye mtihani wa A2 huna haja nayo.

Sasa kosa linalofuata nitakutabiria kabla hujalifanya. Kiswahili kina -ji- na -ji- haibadiliki, najiosha, unajiosha, anajiosha, tunajiosha, ile ji ni moja kwa wote. Kwa sababu hiyo kichwa kinataka kidude kimoja kwa wote na Kiitaliano kama umeanza na mi utaweka mi kila mahali, kama umeanza na si utaweka si. Wao kila mtu na chake: io mi alzo, tu ti alzi, lui si alza, noi ci alziamo, voi vi alzate, loro si alzano. Mtego mkubwa ni mtihani wenyewe, maana mtahini atakuuliza kwa heshima, kwa Lei, atasema "A che ora si alza la mattina?" na wewe ukiwa na haraka utamrudishia si yake, "si alzo alle cinque". Sikio limekuponza. Ukisikia si kwenye swali, mdomo utoe mi kwenye jibu. Jizoeze hilo peke yake, mtu akuulize si alza, si veste, si riposa, wewe mi alzo, mi vesto, mi riposo, hata mkiwa mnatandika vitanda na mwenzako, inakaa haraka sana.

Kwanini ulisema "io svegliare" mwanzoni? Wageni wamechangia, nimeshasema, lakini mimi naona na ile hu- yetu ina mkono wake. Mimi huamka, wewe huamka, sisi huamka, hu- haimbebi mtu ndani, umbo ni moja. Ukiwaza "huamka mapema" unatafuta neno moja la Kiitaliano litakalotosha kwa wote na lililo karibu ni hilo la kwenye kamusi. Kiitaliano hakina hu-. Jambo la kila siku wanalisema kwa wakati uliopo wa kawaida tu, mi sveglio, na ukitaka kukazia kwamba ni mazoea unaongeza di solito, di solito mi sveglio presto. Badala ya kuwaza huamka, waza naamka, maana ile na- yetu ina mtu ndani, na ile o ya mwisho wa sveglio inafanya kazi ya hiyo n ya naamka. Ndo maana pia io haihitajiki kila mara. Wewe kwa Kiswahili husemi mimi naamka, mimi naoga, mimi natoka, utaonekana unajitangaza. Kwao hivyo hivyo.

Ila na- nayo ina pande mbili. Naoga inaweza kuwa naoga kila siku na inaweza kuwa niko bafuni sasa hivi usinigongee. Kwa Kiitaliano kile cha sasa hivi ndo kinaweza kuchukua sto, mi sto lavando, niko naoga. Cha kila siku hakiwezi. "Sto lavorando tutti i giorni alle sette" si sahihi kwa unachotaka kusema, sema lavoro. Nawasikia sana waliosoma Kiingereza wakirundika sto kila sentensi.

Maneno ya mara ngapi ni machache: sempre siku zote, spesso mara nyingi, qualche volta mara nyingine, ogni tanto mara moja moja, raramente kwa nadra, mai kamwe. Mahali pake pa kawaida ni baada tu ya kitenzi, faccio sempre colazione, esco spesso con mia sorella. Mai inataka non mbele, non bevo mai il caffè la sera. Aliyepitia Kiingereza hapo anashangaa kukanusha mara mbili, sisi hatushangai, tunasema "sinywi kamwe", si- ipo na kamwe ipo. Na ukiwa na mi inakaa kati ya non na kitenzi, non mi alzo mai tardi. Kitu kingine cha bure unachopata ni mikono na meno. Kiswahili tunanawa mikono, hatunawi mikono yetu, na Kiitaliano ni mi lavo le mani, mi lavo i denti, bila "yangu" popote. Kupiga mswaki ndo hiyo mi lavo i denti, usitafute neno la kupiga.

Chakula usikibebe kwa mangio peke yake. Kifungua kinywa ni faccio colazione, cha mchana pranzo, kitenzi pranzare, cha usiku cena, cenare. Unapranza, unacena, umemaliza. Asubuhi yao ni nyepesi, kahawa au cappuccino na kitu kitamu, wakati wewe pengine unakunywa chai ya maziwa na mahamri. Sema hivyo hivyo! Usiwe na aibu ukaanza kusema unakula cornetto al bar, ule mkate mtamu wa mkahawani, kama kijana wa kwenye kitabu, mtahini akikuuliza swali la pili juu ya hiyo bar utaanza kubuni na kubuni kwa lugha ya pili ni kazi ngumu. Tè con il latte e frittelle dolci, anaelewa. Ugali ukiuita polenta bianca anaelewa papo hapo. Tuk-tuk ni tuk-tuk, prendo il tuk-tuk. Matatu mwambie un minibus. Kwenda sokoni kununua vya jikoni ni faccio la spesa. Kutandika vitanda ni rifaccio i letti, kazi yako hiyo iweke, ni sentensi nzuri na wengi hawaijui. Sala ya alfajiri sema mi alzo alle cinque per la preghiera, au prego tu. Najua prego umeizoea kama "karibu", ni neno lile lile, usiogope kulitumia.

Siku za wiki. Kila Jumatatu ni il lunedì, ukiondoa il inakuwa Jumatatu hii tu. Il venerdì non lavoro, Ijumaa zote sifanyi kazi. Venerdì non lavoro, Ijumaa hii. Jumapili ni la domenica, ni ya kike peke yake, nyingine zote il. Ogni, yaani kila, inafuatwa na umoja, ogni giorno, ukitaka wingi tutti i giorni. Na kwa wewe wa hotelini unayeingia zamu ya usiku, angalia sana: usiku wa kuamkia Ijumaa sisi wengine tunauita usiku wa Ijumaa, kwa Mwitaliano huo bado ni giovedì, giovedì notte, au nella notte tra giovedì e venerdì. Ukimwambia bosi Mwitaliano venerdì notte atakupanga siku nyingine.

Sauti nitapita haraka, ila mbili zinaharibu maana. Sveglio, ile gli sio li na sio gi, bapa la ulimi linagusa juu ya kaakaa lote, na s ya mwanzo inasikika karibu na z, usiitie irabu ikawa si-veglio. Alafu konsonanti mbili. Sono ni "niko", sonno ni usingizi na sogno ni ndoto, hiyo gn ndo ny yetu kabisa ila nzito. La sera ho sonno, kaa kwenye n kidogo. Ukiiruka unasema ho sono, haina maana yoyote.

Sasa hii aya ya kukariri. Sitakwambia ni mbaya. Ukiwa na wasiwasi, kuwa na dakika moja unayoijua vizuri kunakupa pumzi, na mitihani ya A2 inayojulikana, CILS ya chuo kikuu cha wageni cha Siena, CELI ya Perugia ambayo A2 yake inaitwa CELI 1, na PLIDA ya Società Dante Alighieri, yote ina sehemu ya kuongea na kujieleza kuhusu maisha yako ni kawaida kabisa humo. Shida ni kwamba mtahini hakuachi umalize. Anakukata katikati, "E la domenica?" Au "E ieri?" Aliyekariri aya ya mtu mwingine anakufa hapo hapo. Kwahiyo kariri, lakini kariri siku yako wewe. Mfano hivi, kama si hivyo badilisha:

"Mi alzo alle cinque e prego. Poi mi lavo, mi vesto e sveglio i bambini. Facciamo colazione insieme con tè e frittelle. Alle sei e mezza esco di casa e prendo il tuk-tuk. Comincio a lavorare alle sette: rifaccio i letti, pulisco i bagni e cambio gli asciugamani. Finisco alle tre del pomeriggio. Qualche volta faccio la spesa prima di tornare a casa. La sera cucino, ceniamo alle otto e verso le dieci vado a letto. Di solito mi addormento subito."

Ona ile poi, yaani halafu. Sisi tuna -ka-, nikaoga nikavaa nikatoka, mfuatano unajionyesha wenyewe. Kiitaliano hakina -ka-, kwahiyo weka poi au e hapa na pale, sio kila sentensi, ukizidisha inachosha. Na ile prima di inafuatwa na kitenzi cha kwenye kamusi, na kama ni cha mi basi mi inahamia mkiani: prima di vestirmi, kabla ya kuvaa. Hivyo hivyo devo alzarmi, lazima niinuke.

Ukishaiweza hiyo kwa siku ya kazi, ipindue. Ieleze kama Ijumaa ya mapumziko. Ieleze kama ya dada yako: si alza, si veste, sveglia i bambini. Ieleze kwa msimu, maana wewe una kitu ambacho mwanafunzi wa kitabuni hana, siku zako Disemba wageni wamejaa na siku zako mwezi wa Mei kwenye masika hoteli zimefungwa sio sawa hata kidogo: in alta stagione lavoro anche la domenica, in bassa stagione resto a casa. Hapo tayari una dakika mbili za maneno ambayo hakuna aliyekuandikia.

Ya jana na ya zamani ujue tu njia mbili, usizame. Jambo la mara moja, jana niliamka saa kumi na mbili: ieri mi sono svegliata alle sei. Vitenzi vya mi vyote vinachukua sono, sio ho, na wewe ni mwanamke unamaliza na a, svegliata, mwanaume svegliato. Jambo la mazoea ya zamani, lile tunalosema "nilikuwa naamka", ni mi svegliavo, da bambina mi svegliavo tardi. Kila ukiona ulimi wako wa Kiswahili unataka nilikuwa na-, nenda na -vo. Inakubali karibu kila mara.

Kuhusu nani akufundishe. Programu za simu ni nzuri kwa maneno, hazitakutoa kwenye "io svegliare" kwa sababu hazikusikii ukiongea kwa kirefu. Wageni ni wazuri kwa sikio lakini hawakukosoi, wako likizo na wewe uko kazini, na hata ukiwaomba wengi watakuambia brava brava yaishe. Huyo mwalimu aliyecheka mimi ningebaki naye, alikuuliza swali sahihi hata kama alikosa adabu kidogo, lakini mwambie wazi: nikikosea mi nikatize, saa nikikosea nikatize, mengine niache nimalize. Akicheka tena mpaka unaogopa kufungua mdomo, tafuta mwingine. Na jirekodi kwa simu, jitumie mwenyewe kwenye WhatsApp, sikiliza kesho yake sio siku ile ile, utajisikia kama unamsikia mtu mwingine na makosa utayakamata mwenyewe.

Darasa la ana kwa ana nalipendekeza kama mambo mawili yapo. La kwanza, ukijirekodi na bado husikii tofauti ya sono na sonno au umbo kavu linarudi kila ukichoka, maana lililokaa mdomoni miaka linataka mtu wa kukukatiza palepale, wiki kwa wiki. La pili ni kuandika. Umejifunza kwa sikio, na mtihani una kuandika, sijui umewahi kuandika hata kadi ya mgeni kwa Kiitaliano? Kama hujawahi, hapo ndo nina wasiwasi na wewe kuliko kwenye mi. Malindi na Watamu watu wa kufundisha hawakosekani, angalia tu amezoea kuandaa watu kwa mtihani na sio kupiga soga, na Nairobi kuna Istituto Italiano di Cultura, kituo cha utamaduni cha Italia, waulize kozi zao na wapi mtihani unafanyika. Kama cheti unakitaka kwa ajili ya makaratasi ya kuishi huko, uliza kwanza ofisi itakayokipokea inakubali cha chuo gani na kiwango gani, uraia kwa mfano wanataka B1, ngazi ya juu yake, sio A2, kabla hujalipa ada ya mtihani.